Skripti, muswada, tamthilia au mchezo? Neno lipi utumie, na kwa nani

Mwaka jana nilipewa fomu ya shindano la filamu fupi niifasiri kwa Kiswahili. Nikajua ni kazi ya saa moja. Mstari wa tatu ulimtaka mshiriki alete "script" yake, kurasa zisizidi 10. Nikaandika "wasilisha muswada usiozidi kurasa 10", nikatuma, nikalala. Siku ya tatu waandaaji wakanipigia simu. Kijana mmoja wa Mbagala alikuwa amewauliza kama shindano lenyewe ni la Bunge, maana yeye muswada anaoujua ni ule unaosomwa Dodoma mara ya kwanza, mara ya pili, halafu wabunge wanasema ndiyooo.

Nilicheka, lakini fomu ikarudi mezani kwangu. Nikabaki na maneno manne yanayogombea kiti kimoja: skripti, muswada, tamthilia na mchezo, pamoja na igizo ambalo huingia kwa mlango wa nyuma. Kila moja lina watu wake na kila moja lina pale linapokwaza. Kama na wewe unaandika tangazo, unafasiri, unafundisha au ndiyo kwanza unaandika filamu yako, haya niliyoyapima huenda yakakuokolea simu kama ile.

Kwanza, neno la Kiingereza lenyewe

"Script" ni mjukuu wa Kilatini. Kitenzi ni scribere, kuandika, na scriptum ni kile kilichokwisha kuandikwa. Ukirudi nyuma zaidi, mzizi wake una maana ya kukwaruza au kuchanja, kwa sababu kabla ya wino na karatasi watu walichora alama kwa ncha kwenye ubao, udongo au jiwe. Neno likapita kwa Wafaransa, likafika Uingereza katika karne ya 14 likiwa na maana pana tu: andiko lolote, hati yoyote.

Maana ya maneno ya mchezo yaliyoandikwa kabla haujachezwa ilikuja kwa kuchelewa sana. Ilishika mwishoni mwa karne ya 19, na hapo "script" ilikuwa kifupi cha "manuscript", yaani kilichoandikwa kwa mkono. Shika jambo hilo, tutalirudia kwenye muswada.

Kwa hiyo zama za Shakespeare mwigizaji hakuwa akiita karatasi yake "script". Nakala kamili iliitwa kitabu, na ilikaa kwa mtunzaji wa kundi. Mwigizaji mwenyewe hakupewa mchezo mzima. Kunakili kwa mkono kulikuwa kazi na gharama, na nakala nyingi zikizagaa kundi la jirani lingeweza kukuibia mchezo. Alipewa maneno yake tu, yametanguliwa na maneno mawili matatu ya mwisho ya mwenzake ili ajue zamu yake imefika. Vipande hivyo vya karatasi viliungwa kwa gundi vikawa utepe mrefu, kisha utepe ukakunjwa kama mkeka. Mmoja umebaki hadi leo katika chuo cha Dulwich, London, na ulikuwa wa mwigizaji Edward Alleyn. Neno "role", ambalo sisi tunalifasiri kuwa nafasi au uhusika, limetokana na msokoto huohuo wa karatasi.

Utaona basi kwamba Mwingereza akitaja mambo ya jukwaani, mara nyingi anashika karatasi. Sisi tukisema "amecheza nafasi ya mfalme" tunafikiria pahala pa kusimama.

Hata kuandika kwetu kuna asili nyingine. Wazee bado wanasema "andika meza", na hapo hakuna kalamu, ni sahani na vikombe vinapangwa. Mtu "huandikwa kazi". Maana ya zamani ya kuandika ni kupanga vitu mahali pake, maneno ya karatasini yakaja kuungana na sahani baadaye. Wenzetu walikwaruza, sisi tulipanga. Ningekuwa na uwezo ningebuni neno kutoka hapo hapo, lakini hakuna anayeningoja mimi nibuni neno.

Muswada: neno sahihi lenye jirani mwenye kelele

Ukipima kwa asili, muswada ndio unaokaribia "script" kuliko yote. Ni neno la Kiarabu, na mzizi wake ni weusi, uleule uliozaa jina la Sudan. Mwarabu alipochafua karatasi kwa wino, akakata, akaandika pembeni, karatasi ile aliiita iliyotiwa weusi. Alipoinakili kwa usafi aliiita iliyotiwa weupe. Kiswahili kilichukua ile nyeusi, nyeupe kikaiacha huko huko.

Hiyo ndiyo nguvu ya neno: muswada ni kitu ambacho bado hakijafika. Andiko la riwaya kabla ya mchapishaji ni muswada. Sheria kabla haijapitishwa ni muswada. Na maneno ya filamu kabla ya kamera ni nini, kama si hivyo hivyo? Hakuna anayekwenda sinema kutazama karatasi. Ukikumbuka kwamba "script" yenyewe ni kifupi cha andiko la mkono, basi mfasiri aliyechagua muswada hakukosea hata nukta.

Tatizo ni sikio la msomaji. Nchini Kenya magazeti huandika "mswada", na baada ya Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 na maandamano yake, sidhani kama yupo kijana wa Nairobi anayelisikia neno hilo akaikumbuka kamera. Tanzania huandika "muswada" kwa sheria, na wapo wahariri wanaobakiza "mswada" kwa ajili ya kitabu. Herufi moja tu ndiyo inayotenganisha Bunge na mchapishaji. Mimi tofauti hiyo naiheshimu nikiwa nahariri, lakini siitegemei nikiwa naandikia umma, kwa sababu redioni haisikiki.

Pale linapofaa bila wasiwasi ni kwenye ofisi na vibali. Watu wa serikali wanaoshughulika na filamu wamelizoea, na wakati mwingine utakuta limeongezewa mkia likawa "muswada andishi", mkia ambao mimi naona hauna kazi, maana muswada usioandikwa sijawahi kuuona. Barua yako ya kuomba kibali ikisema muswada, hakuna atakayekuuliza habari za Dodoma.

Tamthilia: inategemea unaongea na nani

Mwambie mama yako neno tamthilia, atatafuta rimoti. Mwambie mwanafunzi wa kidato cha tatu Kisumu, atatafuta kitabu.

Neno hili nalo ni la Kiarabu, ukoo mmoja na mithili na methali, na ndani yake mna wazo la kufananisha: mtu anasimama badala ya mtu mwingine. Katika shule za Kenya tamthilia ni kitabu kinachotahiniwa kwenye karatasi ya Fasihi, 102/3, pamoja na riwaya na hadithi fupi. Shule za Tanzania huandika pia "tamthiliya", na maana ni ileile: utungo wa mazungumzo uliotungwa ili uchezwe, lakini mwanafunzi anausoma ameketi. Sebuleni mambo ni mengine kabisa. Huko tamthilia ni mfululizo wa runinga, wa Kituruki, wa Kifilipino au wa hapa nyumbani, wenye vipindi visivyokwisha, mara nyingi ukiwa umetiwa sauti za Kiswahili. Mtu akikwambia "jana nimekosa tamthilia" hajakosa somo.

Sioni haja ya kupigana na maana ya sebuleni. Imeshakaa. Lakini ukiandika tangazo la kualika waandishi wa jukwaa, ukaandika "tunatafuta tamthilia mpya", jiandae kupokea mapendekezo ya vipindi 52. Ongeza neno moja tu, "tamthilia ya jukwaani", na balaa litakuwa limekwisha.

Mchezo na igizo: hapa hakuna karatasi

Kiingereza nacho kina "play", na neno hilo halikuanza kwenye maandishi. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa mwendo mwepesi wa mwili, mazoezi, burudani, michezo ya uwanjani. Ndivyo ilivyo kwetu: kucheza mpira, kucheza ngoma, kucheza bao, kucheza mfalme jukwaani. Lugha mbili ambazo hazikuzaliwa pamoja zimeona kitu kimoja. Na hata yule mtunzi, "playwright", si mwandishi kama sauti yake inavyodanganya. Kile kipande cha mwisho ni fundi, kama fundi wa magurudumu. Ni fundi mchezo.

Uzuri wa mchezo ni kwamba unaeleweka kuanzia Lamu hadi Mbeya. Ubaya wake ni kwamba unaeleweka mno. Dar es Salaam, ukimsikia mama anasema "mwezi huu mchezo ni zamu yangu", hazungumzii jukwaa, anazungumzia upatu, na jioni atapokea fedha za wenzake. "Mchezo mchafu" ni wa siasa au wa waamuzi wa mpira. Ndiyo maana watunga sheria walilazimika kutumia maneno matatu: sheria ya Tanzania ya mwaka 1976 inaitwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza. Jina refu, lakini haliachi upenyo.

Igizo limetokana na kuiga, na nalipenda kwa vitu vifupi: igizo la dakika tano kanisani, igizo la klabu ya afya shuleni, maigizo ya runinga ya miaka ile ambayo mtaa mzima ulikuwa ukijazana kwenye nyumba moja yenye TV. Lakini angalia sana, mchezo na igizo ni tendo lenyewe. Havisemi lolote kuhusu karatasi. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, ukiisoma ni tamthilia, ukienda kuitazama ni mchezo.

Tena upo mchezo usio na karatasi kabisa. Vichekesho vya Tanzania tangu enzi za mkoloni vilikuwa hivyo: watu wanakubaliana kisa, wanagawana wahusika, maneno yatajulikana mbele ya watazamaji. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, Kongo, lilijenga michezo mizima kwa Kiswahili cha Katanga kwa njia hiyo. Mwaka 1986 walichukua msemo mmoja kuhusu madaraka kuliwa mazima, wakaujadili, wakaujaribu, wakaurudia, mpaka ukawa mchezo wa kurekodiwa runingani, bila mtu kuandika mazungumzo kwanza. Waitaliano wa zamani walikuwa na desturi ya namna hiyo. Walitundika nyuma ya jukwaa karatasi ya mpangilio wa matukio tu, na jina la mpangilio huo ndilo lililoleta "scenario". Ukimwomba mchekeshaji wa aina hii "naomba skripti yako" utamwonea. Mwombe kisa.

Skripti: mgeni anayejua kazi moja

Sasa huyu. Hana ushairi wowote. Ni neno la Kiingereza lililovikwa irabu mwishoni, likaingia ngeli moja na karatasi na kalamu: skripti hii, skripti hizi. Wanaopenda usafi wa lugha watakunja uso. Lakini nenda eneo lolote la kurekodi filamu za Kibongo uulize watu wanasemaje. Mwongozaji anasema "shika skripti". Mwigizaji anasema "skripti sijapata". Hakuna mtu pale anayesema "naomba mswada wangu", labda anatania.

Ubora wa skripti ni kwamba haina jirani. Haiko Bungeni, haiko sebuleni, haiko kwenye upatu. Ukiitaja kwa watu wa filamu, kila mmoja anaona kitu kilekile: kurasa zenye namba za matukio, majina kwa herufi kubwa, mazungumzo katikati. Nakupa mfano, ili uone kwamba tofauti ya skripti na tamthilia haiishii kwenye jina.

Hii ni skripti:

NDANI. DUKA LA MANGI – USIKU

Taa inawaka, inazima, inawaka. REHEMA anasukuma noti ya 2,000 chini ya wavu. MANGI anaitazama. Haishiki.

MANGI
La juzi?

Na hii ni tamthilia:

(Dukani kwa Mangi, usiku. Rehema anaingia, anatazama nyuma.)

REHEMA: Shikamoo Mangi. Najua unanidai sukari ya juzi na mkate wa jana, lakini baba Zuhura bado hajarudi kutoka Mtwara, na mtoto hajala.

MANGI: Marahaba. Deni, Rehema, halijui Mtwara ni wapi.

Kisa ni kimoja. Kwenye skripti kamera inasogea hadi kwenye noti, na neno moja la Mangi linatosha. Kwenye jukwaa, mtazamaji wa mstari wa nyuma haoni noti wala wavu, kwa hiyo Rehema lazima abebe deni lake mdomoni. Ndiyo maana tamthilia nzuri unaweza kuisoma kitandani ukafurahi, na skripti nzuri ukiisoma inaonekana kama orodha ya vifaa. Watu wa filamu hukadiria ukurasa mmoja kuwa dakika moja kwenye kioo, wakiandika kwa herufi za Courier ukubwa wa 12. Tamthilia haina kipimo cha namna hiyo. Anayekuletea tamthilia na kuiita skripti atakupa filamu ya watu waliosimama wanaongea, na za namna hiyo tumezitazama nyingi.

Kosa la skripti ni moja: nje ya watu wa kazi haina uzito. Bibi yangu hataielewa, na kwenye kitabu cha darasa la saba inaonekana kama viatu vya mpira kwenye harusi.

Maana zilizobaki

Kiingereza hulitwika neno "script" mizigo mingine, na hapa mfasiri mvivu huumbuka. Ikiwa ni namna ya herufi, sema hati: Utenzi wa Tambuka, ambao nakala yake ni ya mwaka 1728, umeandikwa kwa Kiswahili katika hati za Kiarabu. Usithubutu kuandika "skripti za Kiarabu", utafikiri ni filamu za Misri. Ikiwa ni karatasi ya daktari, sema cheti cha dawa. Za mtihani ni karatasi za majibu.

Kwenye kompyuta, skripti ibaki skripti. Ni maagizo ambayo mashine inayafuata mstari kwa mstari, na jina lilichukuliwa kwa kufananisha na jukwaa. JavaScript, iliyozaliwa mwaka 1995, inabeba jina hilo hadi leo. Tofauti ni kwamba kompyuta ndiyo mwigizaji pekee asiyeongeza neno lake. Ukikosea nukta, inakosea nawe.

Halafu kuna ile ya mitaani: Mwingereza akisema ugomvi wa mastaa wawili ni "scripted", yaani umepangwa mapema. Hapo yaache yote manne. Dar es Salaam tunasema "hiyo kiki", basi. Kama ni ahadi za mtu, tunasema "huo usanii", neno ambalo limewaonea wasanii wetu wote, lakini ndilo linalosemwa.

Mimi ningechaguaje

Unaandikia watu wa filamu au wa programu za kompyuta: skripti, bila kuomba radhi. Unaandikia ofisi ya serikali au mchapishaji: muswada, na kama ni Kenya tazama kwanza wenyewe wanaandikaje. Unaandikia darasa, au kazi ni kitabu cha kusomwa: tamthilia. Unawaita watu waje kutazama: mchezo wa kuigiza, au igizo kama ni fupi. Ukiwa na hadhira iliyochanganyika, usione aibu kutumia maneno mengi. "Maandishi ya filamu yako, yaani skripti" ni maneno sita, lakini hayajamtuma mtu yeyote Dodoma.

Ndivyo nilivyoirekebisha ile fomu. Waandaaji wakairudisha mtandaoni, na kazi ya kwanza kuingia ilitoka kwa kijana yule yule wa Mbagala. Kwenye jalada, kwa herufi kubwa, ameandika: MUSWADA WA FILAMU.